Mfurahini Haleluya: wimbo wa kwetu tuliouita wa Wajerumani

Nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Pasaka moja nilikuwa likizo nyumbani Karagwe. Baada ya ibada nilibaki nje ya kanisa nikisalimiana na watu, maana ukishakuwa mtu wa mjini kila mzee anataka shikamoo yake na kila mama anataka kujua utaoa lini. Kwaya ilikuwa imeimba "Mfurahini, Haleluya" na kanisa zima lilikuwa limesimama. Nikamfuata mwalimu wa kwaya, kijana wa rika langu, nikamuuliza: "Mwalimu, huu wimbo ni wa nani?"

Akanijibu bila kusita: "Wa Wajerumani huo, kaka. Sisi tumetafsiri tu."

Nikaitikia kwa kichwa, nikaenda zangu kula ndizi. Mwandishi wa habari mzima, mwenye shahada, sikuuliza hata swali la pili! Ilikuja kupita muda mrefu ndipo nikakutana na kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani. Ukifungua namba 116 utaukuta wimbo wa Pasaka wa Kijerumani, na chini yake maandishi madogo yanayosema kwamba maneno ni ya Ulrich Leupold, mwaka 1969, kutokana na wimbo wa Kiswahili "Mfurahini Haleluya" wa Bernard Kyamanywa, mwaka 1966. Kwa hiyo waliotafsiri ni wao, tena kutoka kwetu. Sisi wenyewe ndio tuliokuwa tumeugawa wimbo wetu bure.

Tangu siku hiyo jambo hili limenikaa rohoni, na leo nimeamua kulieleza vizuri.

Kyamanywa ni nani? Ni mchungaji wa Kilutheri wa Kagera, aliyezaliwa mwaka 1938. Katikati ya miaka ya 1960 alikuwa mwanafunzi wa theolojia katika chuo cha Makumira, karibu na Usa River, Arusha. Akiwa huko, mwaka 1966, aliandika maneno ya Kiswahili akayaweka juu ya melodi ya asili ya Wahaya. Hakuandika falsafa. Alisimulia habari ya Pasaka kama mtu anayetoka kisimani na habari mpya: amezikwa siku tatu, malaika akasema msiogope, mnayemtafuta hayupo hapa, nendeni mkawaambie wengine. Aya ni fupi, kiitikio kinarudi, na mtoto wa darasa la pili anaushika wimbo kabla haujafika mwisho.

Najua Wanyambo wenzangu wa Karagwe na Kyerwa mtaniambia: hiyo ni melodi ya Wahaya, sisi inatuhusu nini? Inatuhusu. Runyambo na Luhaya ni lugha za ukoo mmoja, na Mnyambo akimsikia Mhaya anaimba hahitaji mkalimani. Hata hivyo sitaki kugombea mipaka. Ninachotaka ni kuonyesha jinsi kitu kikubwa kilivyotoka mkoa huu, halafu tukakisahau mpaka tukamwekea mtu mwingine jina.

Ili uelewe ukubwa wa alichofanya yule mwanafunzi, turudi nyuma kidogo.

Ukristo wa Kiprotestanti uliingia Bukoba kwanza kwa Wahaya wenyewe waliokuwa wamesoma Buganda, wakarudi na vitabu vya Kiganda mkononi. Wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani, wakiongozwa na Ernst Johanssen, walifika mwaka 1910 na kukuta tayari kuna watu wanaosali. Kwa Wakatoliki, kituo cha Kashozi kilianzishwa mwaka 1892 na Mapadri Weupe, shirika lililoundwa mwaka 1868 na Mfaransa, Askofu Mkuu wa Algiers, Charles Lavigerie, ambaye baadaye alifanywa kardinali. Wote hao walikuja na imani, shule na dawa. Pia walikuja na melodi zao. Walutheri wakaimba nyimbo za Ujerumani, Wakatoliki wakaimba Kilatini.

Shida ya melodi ya kuazima wanaijua walimu wa kwaya. Luhaya na Runyambo ni lugha ambazo sauti hupanda na kushuka ndani ya neno, na kupanda huko kunabeba maana. Ukichukua neno ukalivalisha melodi ya Ulaya, sauti inapanda pale neno linapotaka kushuka. Kiswahili hakina shida hiyo, lakini mkazo wake uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na melodi ya kigeni mara nyingi inauangusha mahali pengine. Ndiyo maana katika baadhi ya nyimbo za tafsiri unasikia maneno yanavutwa kama ng'ombe asiyetaka kuvuka mto. Watu waliziimba kwa imani miaka mingi, nami nimekua nazo, sizitukani. Lakini ziliwafundisha watu kuamini kwamba wimbo wa kanisa lazima utoke mbali, na kwamba sauti za nyumbani zibaki kwenye harusi na pombe.

Makumira ya miaka ya 1960 ndiko hali hii ilikoanza kubadilika. Alikuwepo pale mwalimu Mmarekani, Howard Olson, aliyefika Tanganyika mwaka 1946 akafundisha chuoni hapo kwa miaka mingi. Pamoja na wanafunzi wake alikusanya melodi za makabila mbalimbali ya nchi hii, zikaandikiwa maneno ya Kikristo, zikachapishwa katika mkusanyiko ulioitwa "Tumshangilieni Mungu". Nchi ilikuwa na uhuru wa miaka mitano tu, na swali la "sisi ni nani" lilikuwa kila mahali, kuanzia shuleni hadi kwenye siasa. Wimbo wa Kyamanywa ni mtoto wa kipindi hicho.

Hakuwa peke yake. Mwana-Kagera mwingine, Wilson Niwagila, mchungaji ambaye baadaye aliandika historia ya Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ya KKKT, ndiye mwenye "Njoo kwetu, Roho mwema". Upande wa Wakatoliki, Padri Stephen Mbunga kutoka kusini mwa Tanganyika alikuwa ametunga Misa ya Kiswahili kabla hata ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kufungua mlango. Jirani zetu Uganda walikuwa na Joseph Kyagambiddwa, ambaye utunzi wake mkubwa juu ya Mashahidi wa Uganda uliimbwa Roma mwaka 1964, mashahidi hao walipotangazwa watakatifu. Na mtaguso wenyewe, katika hati yake ya liturujia ya Desemba 4, 1963, uliweka mambo mawili jirani kabisa: ibara ya 119 ikataka muziki wa asili wa watu wa nchi za misioni upewe heshima yake, na ibara ya 120 ikakisifu kinanda kikubwa cha mabomba cha Kanisa la Kilatini.

Kutoka Makumira wimbo wa Kyamanywa ukasafiri. Leupold, Mjerumani aliyekuwa amehamia Kanada, akautia Kijerumani mwaka 1969. Olson akautia Kiingereza mwaka 1977, mwaka uleule ambao Walutheri wa dunia walifanya mkutano wao mkuu Dar es Salaam na kumchagua Askofu Josiah Kibira, mtoto wa Bukoba, kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa shirikisho lao. Leo hii wimbo umo katika vitabu vya nyimbo vya Ujerumani na Marekani. Kila Pasaka kuna vinanda vya mabomba huko Ulaya vinapiga melodi iliyozaliwa kwenye migomba ya Kagera.

Sasa rudi kwenye yale maandishi madogo ya namba 116. Jina la Leupold lipo. Jina la Kyamanywa lipo. Kwenye melodi je? Wameandika tu: kutoka Tanzania. Wengine wanaandika: ya Wahaya. Basi. Aliyeitunga ile sauti yenyewe, awe mpiga enanga, awe mama aliyekuwa akibembeleza mtoto, hana jina.

Hapa naomba nikupeleke Paris kidogo, kwa sababu nitakachokieleza kule ndicho kilichonifungua macho kuhusu kwetu.

Aprili 15, 2019 kanisa kuu la Notre-Dame liliungua. Nilikuwa bado chuoni, tukaangalia paa likianguka kwenye simu za wenzetu bwenini. Desemba 2024 lilipofunguliwa tena nilikuwa nimeshaajiriwa, na zamu ya habari za kimataifa ilikuwa yangu. Habari zilisema kinanda kikubwa, chenye mabomba karibu 8,000, kilinusurika na moto, kikasafishwa na kurudishwa. Katika kusoma nikakutana na mtu aliyekipiga zamani, Louis Vierne.

Vierne alizaliwa Poitiers mwaka 1870 akiwa na mtoto wa jicho, karibu kipofu. Operesheni aliyofanyiwa akiwa mdogo ilimpa mwanga kidogo tu. Alisoma shule ya vijana wasioona Paris, akafundishwa na César Franck, kisha na Charles-Marie Widor, ambaye alimfanya msaidizi wake. Mwaka 1900 aliingia kwenye mashindano ya kumtafuta mpiga kinanda wa Notre-Dame, akashinda. Akakaa kwenye kiti kile miaka 37.

Usidhani yalikuwa maisha ya raha. Mwaka 1906 alivunjika mguu barabarani, na mpiga kinanda cha mabomba hupiga kwa miguu pia, kwa hiyo ikambidi ajifunze upya. Ndoa yake ilivunjika. Nafasi ya kufundisha kwenye chuo kikuu cha muziki cha Paris aliyoitarajia alipewa mtu mwingine. Vita Kuu ya Kwanza ilimchukulia mwanawe na mdogo wake. Kinanda chenyewe kilichakaa, akalazimika kusafiri, mwaka 1927 hadi Marekani, akipiga maonyesho ili kupata fedha za kukitengeneza. Katikati ya hayo yote aliandika simfoni 6 za kinanda peke yake, misa, na vipande vingi vifupi, kikiwemo kile kinachotumia mlio wa kengele za saa ya Westminster. Juni 2, 1937 alikuwa kwenye kiti chake akitoa onyesho linalohesabiwa kuwa la 1,750 katika maisha yake. Alimaliza kipande alichokitunga mwenyewe, akajiandaa kupiga cha kubuni papo kwa papo, akaanguka. Inasimuliwa kwamba mguu wake ulikandamiza ubao mmoja wa chini, na kanisa zima likasikia noti moja nzito ikilia yenyewe. Alifia pale pale.

Nilipomaliza kusoma nilijiuliza: mimi, kijana wa Karagwe, nimejuaje habari hizi zote za mtu aliyekufa miaka mingi kabla hata baba yangu hajazaliwa? Najua mpaka mwaka aliovunjika mguu! Bila shaka alikuwa fundi mkubwa. Lakini ufundi peke yake hauwezi kumfikisha mtu kwangu. Aliyemfikisha ni mfumo. Palikuwa na kiti chenye jina, na watu wakaandika nani alikikalia kuanzia lini hadi lini. Palikuwa na karatasi za nota zilizopigwa chapa, na kila karatasi ina jina lake juu. Palikuwa na wanafunzi, kama Maurice Duruflé aliyekuwa pembeni yake siku ile ya mwisho, waliobeba kazi yake mbele.

Na sisi je, hatukuwahi kuwa na viti? Tulikuwa navyo. John Hanning Speke na James Grant walipofika Karagwe mwaka 1861, waliukuta utawala wa Mukama Rumanyika, na Speke ameandika habari za ngoma zilizopigwa ikulu mwezi ulipoandama. Ngoma hizo zilikuwa na wenyewe, watu ambao kazi yao ilikuwa kuzitunza na kuzipiga. Upande wa Buhaya, wapiga enanga walighani tenzi za mashujaa mbele ya watawala, kazi ambayo Profesa Mugyabuso Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliifanyia utafiti na kuwaingiza wasanii wale kwenye maandishi. Vyeo vilikuwepo, ufundi ulikuwepo, na urithi kutoka mzee hadi kijana ulikuwepo. Ila majina yalikaa vichwani, na kichwa kikizikwa kinakwenda na yaliyomo.

Jambo hili si la mbali kwangu. Babu yangu mzaa baba alikuwa mwalimu wa kwaya upande wa Nkwenda, enzi ambazo Kyerwa ilikuwa bado sehemu ya Karagwe, kabla haijawa wilaya mwaka 2012. Hakuwa na kinanda. Alikuwa na daftari. Alitunga usiku kwa kibatari, akiandika nota zile za do-re-mi kwa herufi: d, r, m, f, s, l, t, na nukta na mistari ya kupimia mapigo, sauti nne moja juu ya nyingine. Jumamosi alimpa kila mtu sauti yake kwa mdomo, Jumapili wimbo unaimbwa. Watu wanasema nyimbo zake zilivuka mpaka pale Murongo, zikaimbwa hadi upande wa Uganda.

Alipofariki nilikuwa shule ya msingi. Miaka baadaye, nikiwa chuoni, nilirudi kuliulizia lile daftari. Bibi akaingia ndani, akatoka na nusu yake. Nusu nyingine ilikuwa imeliwa na mchwa, na kurasa kadhaa za katikati zilikuwa zimechanwa kufungia karanga. Hakuna aliyefanya ubaya. Hakuna aliyejua kwamba lile ni jambo la kutunzwa. Katika nusu iliyobaki kuna nyimbo 11. Hakuna hata moja aliyoandika jina lake juu. Nilimuuliza bibi kwa nini. Akacheka: "Angeandika ya nini? Si kila mtu alimjua!"

Ndiyo, kila mtu alimjua. Kila mtu wa siku zile. Hiyo ndiyo habari nzima ya muziki wetu kwa sentensi moja.

Mwaka jana niliusikia mmoja wa zile nyimbo 11 kwenye simu ya abiria mwenzangu ndani ya basi, umerekodiwa na kwaya ya mbali, kinanda cha umeme na midundo ya kisasa juu yake. Nikafurahi sana, kisha nikaangalia kwenye kioo. Palipoandikwa mtunzi, pameandikwa "wimbo wa asili". Babu yangu, mtu aliyekuwa na baiskeli na madeni ya kahawa, ameshakuwa "asili".

Ndipo nikaelewa ile melodi ya Kyamanywa. Melodi hazioti kama uyoga. Kila "wimbo wa asili" una mtu aliyeuanzisha jioni moja, akaimba, mwenzake akaitikia. Tunapoandika "asili" mara nyingi tunakiri tu kwamba hatukuuliza mapema. Kwa ile melodi ya Pasaka pengine tumechelewa kabisa. Kwa hizi za wazee wetu hatujachelewa.

Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ilimpa mtunzi ulinzi wa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Vizuri. Lakini sheria haiwezi kumlinda mtu ambaye hakuna anayeweza kumtaja. Na simzungumzii mtu wa fedha hapa. Mwalimu yule wa kwaya hakumwibia Kyamanywa shilingi hata moja. Alichompokonya, bila kujua, ni heshima. Aliwapokonya pia wale watoto wa sauti ya kwanza waliosimama mbele yake, ambao walistahili kujua kwamba mtu wa mkoa wao, anayezungumza kama wao, aliandika wimbo unaoimbwa hadi Ujerumani.

Leo Karagwe na Kyerwa hazina uhaba wa makanisa ya kuanzia kazi hii. Walutheri wana Dayosisi ya Karagwe tangu mwaka 1979. Wakatoliki wana Jimbo la Kayanga tangu mwaka 2008, lenye kanisa kuu lake. Kila usharika na kila parokia ina kwaya, na kila kwaya ina kabati lenye madaftari. Hatuhitaji kinanda cha mabomba 8,000. Tunahitaji peni. Mwalimu wa kwaya, ukitoa nakala ya wimbo, andika juu: umetungwa na nani, wapi, mwaka gani. Kama hujui, muulize mzee wa besi aliyekaa kona ile, kabla hatujamzika. Kama ni melodi ya kijijini, andika kijiji na aliyekuimbia. Piga picha daftari kwa simu yako. Dakika kumi tu.

Mimi nimeanza kwa babu. Nyimbo zake 11 nimezichapa upya, na juu ya kila moja nimeandika jina lake lote matatu.

Pasaka iliyofuata nilirudi kwa yule mwalimu na nakala ya namba 116. Akaisoma yale maandishi ya chini mara mbili, akakaa kimya, kisha akaniambia: "Kaka, kumbe tulikuwa tunamwimba mtu wa hapa hapa." Asubuhi ile, kabla kwaya haijaanza, aligeuka akalitangazia kanisa: wimbo huu ni wa Mchungaji Bernard Kyamanywa, wa Kagera, mwaka 1966.

Mzee mmoja nyuma yangu akaguna: "Heee!"

Kisha wakaimba.